Baba Mkwe, Mimi na Mtihani wa Ukocha wa Viungo

Wewe unayenisikiliza, usiwe na wasiwasi na maneno ya misuli. Nitakwenda polepole, na kila nitakapotaja jambo la kitaalamu nitalieleza kabla hujauliza. Nimefundisha biolojia na michezo kwa miaka mingi, na naujua uso wa mtu aliyeachwa nyuma huku akitikisa kichwa kana kwamba anaelewa. Hata hivyo, kigumu katika habari hii si misuli. Ni wakwe. Tuanze na hao.

Niliolewa Tunduma, kwenye familia iliyoshuka kutoka milima ya Ileje, upande wa Isongole. Mimi ni mtu wa Igamba, binti wa wakulima wa kahawa na mahindi, na nyumbani kwetu mkwe tulimheshimu lakini tuliketi naye. Kwa akina mume wangu heshima ilikuwa ndefu zaidi. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawagusani, hata kwa kupokezana kikombe. Hawasemeshani moja kwa moja. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeiacha njia. Naomba unielewe hapo: hakuna ugomvi ndani yake. Ni mapenzi yaliyovaa suti, na kadiri mnavyothaminiana ndivyo mnavyojificha vizuri zaidi. Mume wangu alipojenga nyumba yetu kwenye kiwanja cha baba yake, fundi aliambiwa mlango wetu uelekee mpakani, Zambia, na kwa kuwa mlango wa mzee ulikuwa tayari unaelekea Mbozi, tulitoka kila asubuhi tukiwa tumepeana migongo. Jiko la mama mkwe lilisimama katikati kama ofisi ya forodha.

Mwiko huo una namna ya kufunguliwa. Baba mkwe hutoa mbuzi, wazee wa ukoo huketi, maneno husemwa, na kuanzia hapo mnaweza kusalimiana kama watu wengine. Kwetu mbuzi alitolewa kila mwaka, ila kwa mdomo. Mwaka huu mvua imechelewa, mwaka ule kuna msiba, mwaka unaofuata wazee wenyewe wako mashambani. Nilikuwa nimeshazaa watoto wawili na bado sijawahi kuuona vizuri uso wa babu yao. Nilimjua kwa viatu.

Sasa nikueleze mwenye viatu. Baba mkwe alikuwa amestaafu kazi ya kuwafanyisha mazoezi askari. Kustaafu kulimkuta bado ana mwili wa kazi, na timu ya mpira ya mtaani kwetu, ambayo wachezaji wake walikuwa wapakiaji wa malori na vijana wa bodaboda, ilimchukua awe kocha wake wa viungo. Kocha wa viungo hafundishi mpira wenyewe. Anafundisha mwili uweze kuubeba mpira mpaka filimbi ya mwisho: mapafu yasiishe, goti lisiteguke, paja lisikamate. Jimu yao ilikuwa bomba la maji lenye kopo la rangi kila upande, makopo yaliyojazwa zege. Alikuwa nao tangu wanacheza bila viatu. Kisha wakapanda daraja, na pamoja na daraja likaja tangazo: msimu unaofuata, asiye na cheti hatakaa kwenye benchi la ufundi. Atakaa nyuma ya kamba, pamoja na watazamaji na wauza karanga.

Wengine wangecheka. Mama mkwe aliniambia jikoni kwamba siku ile mzee alikula nusu ya ugali wake, akaenda uwanjani, akasimama kuwatazama vijana bila kupuliza filimbi hata kidogo.

"Wakimtoa pale," alisema, "atataka kurudi Isongole. Na mimi itabidi nirudi naye. Ule mlima na magoti haya, mwanangu, havipatani tena."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, ulishike tangu sasa: kiti cha mzee kwenye benchi. Mimi pia nilikuwa nimejiandikisha kwa mtihani huohuo, kwa sababu shule yangu ilitaka mwalimu wa michezo mwenye cheti. Miaka ile, kabla Songwe haijawa mkoa na sisi bado tunaitwa watu wa Mbeya, kila kitu kilikuwa kimepata cheti. Palikuwa na cheti cha kupamba keki, cheti cha kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na sasa cheti cha kuwakimbiza watu. Mimi nikishindwa, nilikuwa narudi darasani na chaki yangu, hakuna aliyekufa. Mzee akishindwa, anakwenda nyuma ya kamba. Nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka kushinda mwenyewe, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Mume wangu alikuwa wakala wa mizigo pale mpakani. Alimwagiza dereva mmoja wa lori atuletee kitabu kutoka Lusaka. Alileta kimoja, kizito kama tofali, chenye picha za wanaume waliochunwa ngozi wakitabasamu. Mama mkwe alikipekua kidogo, akauliza kama ni kitabu cha mafundisho juu ya jehanamu.

Basi tukawa na kitabu kimoja na wanafunzi wawili wasioweza kukishika kwa pamoja. Tulipanga zamu: asubuhi cha mzee, mchana kinalala jikoni, jioni changu. Mpango ulikuwa mzuri isipokuwa kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha mzee kilikuwa cha gwaride. Kilimtosha kugeuka kushoto, kugeuka kulia na kusimama. Baada ya kurasa za mwanzo kikaisha. Mtihani wenyewe uliruhusu kujibu kwa Kiswahili, lakini huwezi kujibu usichokisoma. Ilibidi mtu amweleze. Mtu huyo alikuwa mimi.

Tulifanya hivi. Jioni mzee aliketi kibarazani, nyuma ya ukuta wa jiko. Mimi niliketi ndani nikichambua mboga. Mama mkwe aliketi mlangoni, mahali ambapo alituona wote wawili. Ukuta ulikuwa wa mabanzi, na mabanzi hayajawahi kuzuia hata harufu ya dagaa. Tulisikiana kila neno. Lakini kusikiana hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kusemeshana.

"Mama," mzee alianza, "muulize mwalimu wako, paja kwa mbele lina misuli mingapi."

"Umesikia?" mama mkwe aliniuliza.

"Nimesikia, mama. Mwambie ni minne."

"Umesikia?" alimuuliza mzee.

"Nimesikia. Mwambie mimi nilidhani ni mmoja mnene."

"Anasema alidhani—"

"Nimesikia, mama. Mwambie hajakosea sana, inafanya kazi pamoja."

Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Nilieleza kwa nini mtu hupasha mwili moto kabla ya kukimbia: misuli iliyopoa ni kama ugali wa jana, ukiuvuta unakatika. Nilieleza kwa nini mzigo huongezwa kidogo kidogo, maana mwili hujijenga wakati wa kupumzika, sio wakati wa kuumizwa. Hapo mzee aliguna kwa muda mrefu, kwani askari wake wote alikuwa amewajenga kwa njia ya pili. Mama mkwe alikuwa mfikishaji mwaminifu, ila hakuwa mfikishaji wa kila kitu.

Tatizo lilitokea tulipofika kwenye matako. Naomba radhi, lakini hakuna njia ya kufundisha ukocha wa viungo bila hayo. Huo ndio msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Ndio unaokuinua kutoka kwenye kigoda, ndio unaokusukuma ukikimbia, na mtihani unaupenda kuliko misuli mingine yote. Sasa fikiria: mke wa mtoto, mbele ya baba mkwe, hata ukuta ukiwepo, alitamke neno lile. Nilimnong'oneza mama mkwe. Aliacha kupepeta mchele.

"Hilo sipeleki," alisema.

Kibarazani mzee alikohoa, akauliza kwa nini somo limesimama. Mama mkwe akafikiri, kisha akamwambia kuna msuli unaitwa kiti, na kwamba asiulize zaidi. Mzee hakuuliza. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na msuli uitwao kiti. Kiti hukazwa wakati wa kusimama. Kiti kilicholegea huumiza mgongo. Baadaye nilimtuma mume wangu akamwambie baba yake jina halisi kwa ajili ya karatasi ya mtihani, naye alirudi akiwa ametota jasho kuliko mtu aliyepakua lori la sementi.

Kwa upande wa vitendo kila mtu alijifanyia mazoezi yake. Mzee alikuwa na vijana wake na makopo yake ya zege. Mimi nilikuwa na wasichana wa kidato cha pili, ambao waligundua mapema kwamba mwalimu akiwa anasomea cheti humpasa akutazame kwa upole hata ukikimbia vibaya. Alfajiri nilikimbia barabara ya mashambani, na hapo baba mkwe alinisaidia bila kujua. Yeye pia alikimbia alfajiri. Nikiviona viatu vyake vikija, niliruka mtaro na kuingia kwenye mahindi ya watu. Kitabu kina sura nzima juu ya uwezo wa mwanamichezo kubadili mwelekeo ghafla bila kupoteza mizani. Sura hiyo sikuhitaji kuisoma.

Siku ya mtihani ilipokaribia tulikaa, yaani mama mkwe alikaa kwa niaba yetu, tukapanga safari ya Mbeya. Tulipanga kwa makini mno. Mzee angeondoka na kosta ya kwanza, mimi na ya pili. Yeye angelala kwa rafiki yake wa zamani wa kambini, mimi kwa dada yangu. Ndani ya chumba cha mtihani yeye angekaa mbele, kwa sababu ya macho, mimi nyuma kabisa, kwa sababu yake. Wakati wa chai angekwenda kwanza. Mama mkwe alituuliza kama kuna lililosahaulika. Tulijibu, kila mmoja kupitia kwake, kwamba hakuna.

Lilikuwepo. Mimi nilikuwa nimejiandikisha kwa jina la mume wangu. Jina la mume wangu ni jina la baba yake.

Karatasi ya asubuhi ilikwenda vizuri. Nilikiona kisogo cha mzee kimeinama, na kalamu yake ikienda polepole bila kusimama, kama mtu anayepalilia. Mchana tulipelekwa kwenye ukumbi wa mazoezi, ukumbi wa kweli wenye chuma cha kunyanyua kilichotoka kiwandani, stendi za kukitundikia, na kioo kikubwa ukuta mzima. Msimamizi wetu alikuwa kijana mchangamfu kutoka Dar es Salaam, mwenye filimbi shingoni na karatasi kwenye ubao mkononi. Alieleza kwamba tutafanya wawili wawili. Mmoja atachuchumaa akiwa na chuma begani na kusimama tena, mwenzake atamlinda na kumwelekeza, kisha watabadilishana. Kumlinda maana yake ni kusimama nyuma yake, karibu kabisa, mikono ikiwa tayari chini ya makwapa yake, ili akikwama umwinue. Watahiniwa wamepangwa kwa mfuatano wa majina ya ukoo, akasema, ili kusiwe na upendeleo.

Akasoma jina letu. Akalisoma tena.

"Nyie wawili mnafahamiana?" aliuliza, maana tulikuwa tumesimama pande mbili za ukumbi na hakuna aliyesogea.

"Ni mkwe wangu," nilisema, nikitazama sakafu.

"Safi kabisa," alisema. "Basi mtaaminiana."

Nilimfuata pembeni nikamweleza kwa kifupi, kwa sauti ya chini, jinsi mambo yalivyo. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema anaheshimu mila zote, ila orodha imeshakwenda makao makuu, na mtahiniwa anayemkataa mwenzake anapoteza alama zote za vitendo. Mwalimu mmoja kutoka Mbozi, aliyekuwa na zamu baada yetu, alisikia kila kitu. "Leo kazi ipo," alisema taratibu, akiangalia dari.

Mimi ningekataa. Nakwambia wazi. Ningerudi kwenye chaki yangu na maisha yangeendelea. Lakini kukataa kwangu kungekuwa kukataa kwa wawili, na yule mwingine asingekuwa na chaki ya kurudia. Nilikuwa bado nawaza hivyo niliposikia sauti ya mzee, ikielekezwa kwenye ukuta.

"Mwambieni huyo mwalimu asimame nyuma yangu. Katazo ni kutazamana. Mimi nitakuwa nimempa mgongo."

Hiyo ndiyo faida ya mtu aliyekaa kambini: anajua kanuni inaishia wapi. Akaenda kwenye stendi, akajitwisha chuma begani kwa uzito alioupanga mwenyewe, akasubiri. Ilibaki kugusana. Nilikuwa na kitenge cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye mkoba. Nilijizungushia mikono yote miwili mpaka kwenye viganja, nikasimama nyuma yake kama mtu anayetoa sufuria motoni. Ilibaki kusemeshana. Hapo nilifanya ujanja wa mwalimu. Sikumsemesha mtu. Nilisemesha viungo.

"Miguu itanuke kidogo," nilisema hewani. "Kifua kiinuke. Kiti kirudi nyuma. Magoti yafuate vidole. Pumzi iingie."

Viungo vya mzee vikatii, kimoja kimoja, kama kikosi. Alishuka akapanda, akashuka akapanda, safi. Msimamizi aliuliza kiti ni nini. Niliinua mkono mmoja wenye kitenge nikaonyesha kwa mbali, naye akaandika. Akasifia na kile kitenge, akisema ni watahiniwa wachache wanaokumbuka usafi wa jasho.

Kisha tukabadilishana.

Sasa hapa nataka uwe makini, maana ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo huwezi kulikuta kwenye kitabu kile kwa sababu aliyekiandika hakuwa na mkwe kama wangu. Kocha anapobadilisha mwanamichezo, jambo la kwanza ni kukagua uzito ulioko kwenye chuma. Mzee aliyafahamu hayo kuliko mimi. Lakini ili akague uzito wangu ilimpasa atazame upande niliopo, nami nilikuwa nimeshasimama pale chini ya chuma. Kwa hiyo alitazama dirisha. Mimi niliuona uzito ule. Ulikuwa uzito wake yeye, haujapunguzwa hata kisahani kimoja cha uzito. Ningesema. Kwa nani? Msimamizi angemkata mzee alama, na mama mkwe alikuwa Tunduma.

"Mzee," alisema msimamizi, "mtazame mwanamichezo wako."

Mzee alishusha macho kutoka dirishani mpaka kwenye viatu vyangu. Nadhani naye alikuwa ananijua kwa hivyo.

"Haya, mwelekeze."

"Mwambieni ashuke," alisema mzee.

"Mwambie mwenyewe. Hizi ni alama zako, mzee wangu. Kocha asiyemwona mtu wake na asiyeongea naye siwezi kumpitisha. Nitakuwa nimewaonea wachezaji wake."

Alisema bila ukali, na alikuwa na haki, hilo ndilo lililouma. Nilisikia pumzi ya mzee nyuma yangu, mbali kuliko inavyotakiwa. Niliwaza kwamba nikifanya zoezi langu vizuri sana, labda alama za uzuri wangu zitamfunika. Nikakitoa chuma kwenye stendi, nikashuka.

Nilishuka vizuri, kama kitabu kinavyotaka. Tatizo lilikuwa kurudi. Kule chini magoti yalikataa, si kwa ghafla, bali kwa heshima, kama mtu anayeombwa mchango. Nilisukuma. Chuma kilitulia. Msimamizi alikuwa ameinama anaandika, bila shaka anaandika yale aliyotuonya. Kiwiliwili changu kilianza kuegemea mbele, na nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha wengine, kwamba mtu akiegemea vile na uzito ule kinachofuata ni mgongo.

"Baba," nilisema. "Nimekwama."

Hatukuwahi kuambiana neno tangu nilipoingia katika ukoo ule. Niliinua macho na kwenye kioo nikakutana na macho yake. Alikuwa ananitazama. Uso ule niliotumia miaka kuukwepa kwenye mahindi ulikuwa uso wa mume wangu, ila umekaa juani muda mrefu zaidi, na ulikuwa na hofu. Mikono yake ilipita chini ya makwapa yangu, mitupu, bila kitenge.

"Niko hapa, mwanangu. Kifua juu. Kaza matako, sukuma. Sukuma, mama, nakuja na wewe."

Nilikaza nilichoambiwa nikaze. Tulipanda pamoja, taratibu, mpaka chuma kikagonga stendi. Mwalimu wa Mbozi alikuwa amegeuka anatazama nje, kwa adabu. Mzee aliondoa mikono yake kama aliyeshika jiko, akarudi nyuma, akatafuta dirisha lake.

"Sasa hayo ndiyo mawasiliano," alisema msimamizi, akiandika kwa furaha. "Kwa nini hukuanza hivyo, mzee?"

Tulirudi Tunduma kwa kosta moja, kwa kuwa mpango ulikuwa umeshaharibika; yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma, na katikati yetu magunia ya viazi.

Wazee ambao kwa miaka yote walikuwa mashambani walipatikana ndani ya wiki. Mwiko ukivunjika bila kufunguliwa, huwezi kungoja mvua. Mbuzi wa mdomo akageuka mbuzi wa nyama. Waliketi, na mkubwa wao akamhoji mzee mbele yetu sote, jinsi inavyotakiwa.

"Ulimtazama?"

"Nilimtazama."

"Ulimgusa?"

"Nilimgusa. Alikuwa anaanguka."

"Ulimsemesha?"

"Nilimsemesha."

"Ulisema nini?"

Mzee alitafuna nyama kwanza, akameza, akanywa maji.

"Nilimwambia asukume," alisema.

Wazee waliona hilo ni neno jema, wakatufungulia. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshasimuliwa na mimi habari yote bila kupunguza, alitoka nje kwenda kukagua kuni na akakaa huko muda.

Majibu yalipokuja mume wangu aliyasoma uani kwa sauti. Mimi nilipita, pamoja na maoni kwamba nijifunze kuongea na mtu mzima badala ya viungo vyake. Mzee alipoteza alama za kukagua uzito, akapoteza za kumtazama mwanamichezo, akapoteza za maelekezo ya mwanzo. Lakini palikuwa na kipengele cha kumwokoa mwanamichezo aliyekwama, chenye alama nyingi, na katika ukumbi ule hakuna mtahiniwa mwingine aliyekipata kwa ukamilifu, kwa sababu wengine wote walikagua uzito na hawakuwa na mtu wa kumwokoa. Ndicho kilichomvusha. Alipita kwa kukosea vizuri. Mume wangu alipofika mwisho, mzee alimwomba asome tena jina, kisha akaingia ndani, akatoka na filimbi, akaenda uwanjani ingawa haikuwa siku ya mazoezi.

Msimu ulipoanza nilikwenda kuangalia mchezo wa kwanza. Alikaa kwenye benchi, mwisho kabisa, mgongo umenyooka, cheti kimekunjwa ndani ya bahasha mfukoni endapo mtu angeuliza. Hakuna aliyeuliza. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu nyuma ya kamba, ananunua karanga. Isongole haikutajwa tena, isipokuwa wakati wa kuagiza maharage mapya ya kule.

Nilidhani sasa tutaongea sana, mzee na mimi. Ruhusa tulikuwa nayo, na mbuzi alikuwa ameliwa. Ukweli ni kwamba tuligundua hatuna desturi ya kuongea. Tuliketi kibarazani tukatazamana, akaniuliza habari za shule, nikamuuliza habari za timu, kisha tukakaa kimya kama abiria wanaongoja gari. Mara aligeuka mlangoni. "Mama," alisema, "muulize mwalimu, mchezaji aliyekamatwa na paja apumzike siku ngapi." Mama mkwe alimwambia aulize mwenyewe, yeye ana mchele. Akauliza mwenyewe. Nikamweleza, na tangu hapo tulikuwa na la kusema, mradi lilihusu misuli.

Nawe sasa nikupe ulichokuja kukichukua. Siku ukiombwa kumlinda mtu mwenye chuma begani, kagua kwanza uzito wa pande zote mbili na umuulize kama ni wake. Simama nyuma yake karibu, miguu yako imetanuka, mikono yako chini ya makwapa yake bila kumgusa. Mtazame tangu anaposhuka mpaka chuma kirudi kwenye stendi. Akikwama, mshike, mwite, na umwambie yeye mwenyewe asukume.